Maji Yanachemka kwa Digrii Ngapi?

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja, fundi wa njia ya reli, katika mkutano wa tawi)



Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na tangu hapo kazi yangu ni njia ya reli. Lakini Katibu amenitaka niseme juu ya masomo ya sayansi, kwa sababu ya neno lililonipata nyumbani.

Binti yangu yu Gredi ya 7 hapa Nairobi. Walichemsha maji shuleni, wakatia kipimajoto. Akaona 95, akaandika 95. Mwalimu akamtilia alama ya kosa, kwa kuwa kitabu chasema 100. Siku ya mtihani akaandika 100, akapata. Nilipomwuliza, akanijibu, "Baba, nilichokiona hakina maksi." Neno hilo lilininyima usingizi.

Kitabu hakikusema uongo. Maji huchemka kwa digrii 100 kule Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi iko juu, karibu futi 5,500. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ile ya pwani, basi huchemka mapema, karibu digrii 95. Wenzetu waliofanya kazi Timboroa, zaidi ya futi 9,000, wanaijua taabu ya kupika maharagwe. Maji yanatokota kwa kelele nyingi, nayo hayajapita kama digrii 91, na maharagwe bado ni mawe! Kumbe somo zima lilikuwa ndani ya kipimajoto kile, likafutwa kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo mimi naona masomo ya sayansi yafaa yawe ya kweli, na ya kweli hapa tulipo. Mtoto apime, aulize kwa nini. Tena yaende na umri wake. Mdogo wa Gredi ya 2 mpe kijiko cha chuma na mwiko wa mti katika uji wa moto, ashike, aseme kipi kimemchoma. Habari za chembe zisizoonekana zingoje. Akifika miaka kumi na miwili, mwonyeshe njia yetu: reli ya mita 12, joto likizidi kwa digrii 30, hurefuka kama milimita 4. Atauliza mwenyewe kwa nini tunaacha mwanya kwenye maungio. (Lakini msimlete bila ruhusa ya msimamizi!)

Mpango mpya wa masomo, uliojaribiwa mwaka 2017 na kuanzishwa nchi nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019, wasema mtoto ajifunze kwa kutenda. Maneno mazuri. Lakini darasa la watoto sitini na kipimajoto kimoja, mwalimu afanyeje? Simlaumu sana. Naye aliuogopa mtihani kama binti yangu.

Nilikwenda shuleni na birika. Mwalimu akachemsha maji mwenyewe, akasoma 95, akanyamaza, kisha akarudisha maksi ya binti yangu. Daftari za wenzake bado zina wino mwekundu. Naiomba Kamati iiandikie halmashauri ya shule, iulize mambo mawili tu: vipimajoto viko vingapi, na je, mtoto akiandika alichokiona atapewa maksi yake?