Kijana wa Rusizi na Kazi ya Kesho



Kila mwaka wanafunzi wa wilaya ya Rusizi wanaomaliza mwaka wa tatu wa sekondari hutakiwa kutaja mkondo wanaotaka kuufuata: sayansi, lugha, ualimu au ufundi. Mtihani wa taifa huamua sehemu ya jambo hilo. Sehemu iliyobaki huamuliwa na mtoto mwenyewe, ambaye mara nyingi hajatimiza miaka 17. Je, ni haki kumtaka mtu wa umri huo apange kazi ya maisha yake, au aachwe asome tu, na kazi itajitokeza yenyewe?

Wako wasemao aachwe, na hoja yao si ya kupuuzwa, hasa katika sehemu hii ambayo zamani iliitwa Cyangugu. Watu wake wameona mipango mingi ikipinduliwa na mambo ambayo hakuna mwanafunzi aliyeweza kuyatabiri. Mwaka 2008 iliamuliwa kwamba Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Kijana aliyekuwa akijiandaa kufundisha kwa Kifaransa akajikuta yeye mwenyewe amekuwa mwanafunzi tena. Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya UVIKO-19, mipaka ya nchi kavu ilifungwa, na wasafiri wa kawaida hawakufunguliwa njia hadi Machi 2022. Kwa mji wa Kamembe, ambao soko lake na soko la Bukavu ni kama vyumba viwili vya nyumba moja, hilo lilikuwa pigo kubwa. Tena Februari 2025 mji wa Bukavu ukaingia mikononi mwa M23, na biashara ya ng'ambo ya mto ikarudi katika mashaka.

Hata hivyo hoja hiyo ina kasoro. Inadhani kwamba kupanga maana yake ni kujichagulia kiti cha kukalia. Askari wanajua kwamba sivyo. Kamanda hapangi safari kwa kuwa ana hakika na kila atakachokutana nacho njiani. Hupanga ili daraja likikutwa limevunjika, kikosi kiwe na kamba, na awepo mtu ajuaye kuitumia.

Mfano mzuri uko papo hapo Rusizi, katika bonde la Bugarama. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilianzishwa mwaka 1984. Kwa miaka mingi kilitengeneza saruji kwa njia ya tope: mawe ya chokaa yalisagwa pamoja na maji, kisha tope lile likachomwa katika tanuri, na moto mwingi ukapotea katika kuyakausha maji tu. Mwaka 2013 kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ilinunua hisa 51 kwa 100. Mwaka 2015 ukazinduliwa mtambo mpya wa njia kavu, wenye uwezo wa kutoa tani 600,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 hisa za PPC nazo zikapita kwa kampuni ya saruji ya Kenya. Basi katika muda wa miaka kumi na michache mwenye hisa nyingi amebadilika mara mbili, na mitambo yenyewe imebadilika.

Kijana wa Bugarama ambaye mpango wake wote ulikuwa "kuajiriwa Cimerwa" alikuwa na mpango dhaifu. Lakini aliyekusudia kuwa fundi umeme, au mjuzi wa kemia ya mawe, ana mpango unaosimama. Umeme haubadili kanuni zake kwa sababu kiwanda kimebadili mwenyewe. Ujuzi huo huo unatakiwa katika kiwanda cha chai cha Shagasha, na katika mabwawa ya mto Rusizi: la kwanza ni la wakati wa Wabelgiji, la pili ni la mwaka 1989, na la tatu, linalokusudiwa na Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja, litahitaji mikono ya vijana ambao leo wako darasani.

Hapana budi hapa kusema neno lisilopendeza. Wazazi wengi, na wenye vyeo ni miongoni mwao, bado huiona shule ya ufundi kuwa ni ya walioshindwa. Serikali ilijiwekea lengo kwamba wanafunzi 60 katika kila 100 wanaomaliza elimu ya msingi waingie ufundi kufikia mwaka 2024. Lengo kama hilo haliwezi kufikiwa ikiwa baba husifu ufundi hadharani na kumpeleka mwanawe kwingine.

Kiswahili nacho, ambacho askari na polisi wengi walikipata kambini, kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu 2017, na Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Mtoto anayekisikia nyumbani kila siku hakihesabu kuwa ni mali. Ni juu ya mzazi kumwonyesha.

Watoto wa askari wana shida yao ya pekee. Baba huhamishwa, au hutumwa Afrika ya Kati au Msumbiji, na mtoto akiulizwa atakuwa nani hujibu, "Mwanajeshi, kama baba." Jibu hilo ni la heshima, lakini halijatimia. Mwanajeshi wa kazi gani? Katika chuo cha kijeshi cha Gako maofisa wanafunzi husomea pia udaktari na uhandisi, na masomo hayo hayaingiliwi na mtu aliyeiacha hesabu na sayansi akiwa na miaka 15.

Kwa hiyo simu itokayo Bangui au Cabo Delgado isiishie kuuliza alama za mtihani. Iulize pia ni somo gani mtoto hulifanya bila kulazimishwa, mkondo alioutaja unafungua milango ipi, na kama mlango wa kwanza ukifungwa, ule ujuzi utamfaa wapi. Na iulize kabla ya majina ya shule kupelekwa, maana baada ya hapo mwalimu mkuu hana la kufanya.