KUJIFUNZA KURUSHA HELIKOPTA: KAMBA HULEGEZWA KIDOGO KIDOGO

Nimeombwa niseme nanyi juu ya helikopta, ile ndege isiyo na mabawa, ambayo huinuka wima kutoka chini bila ya kukimbia uwanjani, na hutua mahali padogo kama kiwanja cha shule. Wengi wenu mmekwisha kuiona ikipita juu ya mashamba, na watoto wakiikimbilia kwa kelele. Leo sitaki kuwasimulia ukubwa wake wala bei yake. Nataka tuulizane swali moja tu: mtu hujifunza vipi kuirusha? Na yule wa kwanza kabisa alifundishwa na nani, hali hapakuwa na mwalimu duniani?

Nilipokuwa mtoto, kaka yangu alinifundisha kupanda baiskeli. Alikuwa akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, nami nikikanyaga kwa ushujaa mwingi kwa kuwa najua nimeshikwa. Siku moja nilisema naye nisipate jibu. Nikageuka, nikamwona yu mbali nyuma, ameniachia zamani, naye anacheka. Papo hapo nikaanguka. Lakini tangu siku ile nilijua kupanda baiskeli. Liwekeni jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Kwanza yafaa tufahamu ugumu wa kazi yenyewe. Kazi yangu ni kufasiri, na nilipokuwa nikitayarisha maneno haya nilitaabika kupata neno la lile jambo ambalo helikopta hulifanya na eropleni haiwezi. Nikamkumbuka mdiria wa Ziwa Victoria. Ndege yule hupigapiga mabawa mahali pamoja juu ya maji, wala haendi mbele wala harudi nyuma, akimtazama samaki chini yake. Basi jambo hilo nimeliita kusimama hewani. Mdiria hulifanya bila ya shida. Mwanadamu hulitokea jasho.

Rubani wa helikopta ana kazi kwa mikono miwili na miguu miwili, wala hakuna kiungo kinachopumzika. Mkono wa kushoto hushika wenzo, yaani chuma kilicho kando ya kiti. Akiuinua, yale mapanga marefu yanayozunguka juu ya chombo hugeuza makali yake, yakaikamata hewa zaidi, na chombo hupanda. Akiushusha, hushuka. Mkono wa kulia hushika fimbo ya kuelekezea. Akiisukuma mbele, duara la mapanga huinama mbele na chombo huenda mbele. Akiivuta, chombo hurudi nyuma. Na hali kadhalika upande wa kulia na wa kushoto. Miguu nayo hukanyaga pedeli mbili zinazotawala panga dogo la mkiani. Panga hilo ni la lazima, kwa kuwa injini inapozungusha mapanga makubwa upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili.

Tena kila tendo huamsha jingine. Akiinua wenzo, pua ya chombo hutaka kugeuka, basi mguu hauna budi kufanya kazi. Mguu ukifanya kazi, chombo husogea pembeni, basi fimbo nayo haina budi kusogezwa. Na chombo hakimtii mtu mara moja, bali hukawia kidogo. Mwanafunzi akiona hakijatii huongeza nguvu. Mara kinatii kupita kiasi, naye hukirudisha kwa hofu, nacho kinapita kiasi upande wa pili. Hivyo huyumba kama mlevi njiani, na kila marekebisho huwa ni kosa jipya. Dawa yake ni mkono mwepesi. Mwalimu humwambia mwanafunzi alaze mkono wa kulia juu ya paja, asisukume fimbo bali aibonyeze kidogo tu, na atazame mbali upeoni, asitazame majani yaliyo miguuni pake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Bwana Igor Sikorsky alizaliwa mwaka 1889 katika mji wa Kyiv, ulio katika Ukraine ya leo, wakati ule ulipokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Akiwa kijana aliunda helikopta mbili, moja mwaka 1909 na nyingine mwaka 1910. Ya kwanza haikuinuka. Ya pili iliweza kuinua uzito wake yenyewe, lakini haikuweza kumwinua mtu. Akaiweka kando ndoto hiyo, akaunda eropleni. Baada ya mapinduzi ya Urusi alihama, akafika New York mwaka 1919 akiwa maskini, akapata riziki kwa kuwafundisha hesabu wahamiaji wenzake. Mwaka 1923 alianzisha kampuni pamoja na rafiki zake, na baadaye akajulikana sana kwa ndege zake kubwa zilizotua juu ya maji.

Hata hivyo hakuisahau helikopta. Katika miaka ile Wafaransa na Wajerumani walikuwa wamekwisha kurusha helikopta zenye duara mbili za mapanga. Bwana Sikorsky alitaka duara moja kubwa juu, na panga dogo mkiani. Akaunda chombo alichokiita VS-300, chenye injini ya nguvu za farasi 75. Kilikuwa kama kiunzi cha mabomba ya chuma, na kiti kimoja tu mbele kilichokuwa wazi kwa upepo.

Angalieni hapo: kiti kimoja tu. Hapakuwa na mahali pa mwalimu, hata kama mwalimu angalikuwapo. Katika chombo cha kiti kimoja, kila safari ni safari ya peke yako, hata ile ya kwanza.

Tarehe 14 Septemba 1939, huko Stratford katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, Bwana Sikorsky alikaa mwenyewe katika kiti kile. Alikuwa na umri wa miaka 50, na kofia yake kichwani. Je, alipaa moja kwa moja mawinguni? La. Chombo kilikuwa kimefungwa kwa kamba zilizokizuia kisiende mbali. Magurudumu yaliachana na ardhi kwa muda wa kama sekunde 10, kisha akatua. Chombo kilitetemeka vibaya. Lakini kiliinuka, na mtu juu yake.

Tangu siku ile kazi ilikuwa kuruka kidogo, kushuka, kupima, kutengeneza, na kuruka tena. Mtu na chombo walikuwa wakifundishana: chombo kilimfundisha rubani namna ya kushika fimbo, na rubani alionyesha mahali chombo kilipokosewa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule upepo ulikipindua, mapanga yakavunjika. Hawakukata tamaa. Walikiunda upya kwa namna nyingine, wakarudi uwanjani. Hatimaye, tarehe 13 Mei 1940, kiliruka bila ya kamba yo yote. Miezi minane ilipita kati ya kuinuka kwa mara ya kwanza na kufunguliwa.

Hata baada ya kufunguliwa, chombo kilikuwa na tabia ya ajabu: kilikwenda vizuri nyuma na pembeni, lakini mbele kilikwenda kwa shida. Wapo waliocheka. Bwana Sikorsky alikubali kwamba jambo hilo halijatengenezwa bado, akaendelea na kazi. Tarehe 6 Mei 1941 alisimama hewani kwa muda wa saa 1, dakika 32 na sekunde 26, akaipita helikopta ya Kijerumani iliyokuwa imeshika sifa ya kukaa hewani muda mrefu kuliko zote. Mwenda pole hajikwai.

Mtu mwingine aliyejifunza katika chombo kile kile alikuwa Bwana Les Morris. Yeye naye hakuwa na mtu wa kukaa kando yake. Alipewa maneno ya ushauri akiwa chini, kisha akapanda peke yake. Tarehe 14 Januari 1942 ndiye aliyeirusha kwa mara ya kwanza helikopta mpya iliyoitwa XR-4. Mwezi wa Mei mwaka huo aliipeleka kutoka Connecticut mpaka Dayton katika jimbo la Ohio, mwendo wa maili 761. Ilimchukua siku 5, akiruka na kutua mara 16, na saa zote za hewani zilikuwa 16 na dakika 10. Motakaa yenye mafundi ilimfuata barabarani.

Jambo kubwa la helikopta hiyo ya XR-4 ni kwamba ilikuwa na viti viwili kando kwa kando, na rubani wa pili aliweza kuiendesha pia. Sasa mwalimu aliweza kukaa na mwanafunzi. Mikono ya mwalimu ikawa badala ya zile kamba za Stratford. Na hivyo ndivyo wanafunzi wanavyofundishwa hata leo.

Mwanafunzi wa siku hizi hupewa kwanza kitu kimoja tu. Mwalimu hushika wenzo na pedeli, mwanafunzi hushika fimbo peke yake. Akiizoea, huongezewa cha pili, kisha cha tatu, mpaka avishike vyote. Hufundishwa vile vile la kufanya injini ikizimika. Lazima ashushe wenzo papo hapo, ili hewa inayopanda kutoka chini iendelee kuyazungusha mapanga, kama upepo unavyozungusha kinu. Na karibu na ardhi auinue tena, ili nguvu iliyobaki katika mapanga imtue salama. Jambo hilo hulirudia mara nyingi mpaka mkono ufanye kabla ya akili kuuliza, maana hapo anayekawia hupoteza maisha yake.

Kisha huja siku ambayo mwalimu hufungua mlango, hufunga vizuri mkanda wa kiti chake kisicho na mtu, na kushuka. Mwanafunzi hubaki peke yake. Hapo wengi hushangaa, kwa kuwa chombo si kile walichokizoea. Chukueni mfano wa helikopta ndogo ya Robinson R22, ambayo imewafundisha marubani wengi tangu mwaka 1979. Pamoja na watu na mafuta, uzito wake haupaswi kupita pauni 1,370. Mwalimu mwenye pauni 170 akishuka, zaidi ya sehemu moja katika kumi ya uzito umeondoka, tena kwa upande mmoja. Wenzo ukiinuliwa kidogo tu, chombo kimekwisha kuachana na ardhi, nacho hakining'inii kama jana. Mikono ile ile iliyojifunza hukuta somo jipya. Ndiyo sababu ya mwalimu mwema kumwonya mapema, na kumpa safari fupi ya kwanza: inuka, simama hewani, tua. Haya, mara nyingine.

Pengine mwauliza, taabu yote hii ni ya nini? Nitawajibu kwa habari ya Burma. Mwezi wa Aprili 1944, ndege ndogo yenye rubani wa Kimarekani na askari watatu wa Kiingereza waliojeruhiwa ilianguka nyuma ya majeshi ya Wajapani. Eropleni nyingine haikuweza kutua mahali pale. Luteni Carter Harman akatumwa na helikopta ya namna ya R-4, mtoto wa ile XR-4. Joto lilikuwa kali, na hewa ya joto ni nyepesi, haibebi vyema. Chombo kiliweza kuinua rubani na mtu mmoja tu. Basi aliwachukua mmoja mmoja: wawili siku ya kwanza, injini ikapata moto mno, akangoja ipoe, akawachukua wawili waliobaki siku ya pili. Wote wanne waliokolewa. Miezi michache baadaye askari wetu wa K.A.R. walipigana katika nchi hiyo hiyo, katika bonde la Kabaw, na wazee waliorudi walijua vizuri maana ya majeruhi kulala msituni pasipo njia ya kumtoa.

Mkono uliosimama hewani juu ya majeruhi wale haukupata wepesi wake kwa siku moja. Ulitokana na zile sekunde 10 za Stratford, na zile kamba zilizolegezwa kwa miezi minane. Na hapa kwetu fundisho ni lile lile. Hewa ya Nairobi, iliyo kama futi 5,500 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na helikopta ya hapa hubeba kidogo kuliko ile ya pwani. Rubani asiyefundishwa polepole hulijua jambo hilo siku ya msiba.

Mabwana na Mabibi, wapo wazazi, walimu na wasimamizi wa kazi wasiolegeza kamba kamwe. Kijana huzeeka akingojea kuambiwa la kufanya. Wapo na wengine waikatao siku ya kwanza, kisha humlaumu aliyeanguka. Bwana Sikorsky alijifunga mwenyewe, akajilegeza mwenyewe, kwa kipimo cha aliyokwisha kuyajua. Kaka yangu, asiyepata kumsikia Bwana huyo, alifanya vile vile kwa kiti cha baiskeli. Nilimkasirikia sana siku ile kwa ajili ya goti langu. Leo namshukuru kwamba alinishika, na namshukuru zaidi kwamba aliachia.