Kijana Asiye na Shamba na Chama cha Msingi



Bara la Afrika ni bara la vijana. Takriban watu sita katika kila kumi hawajafikia umri wa miaka 25. Benki ya Maendeleo ya Afrika imekadiria kwamba vijana milioni 10 hadi 12 huingia katika soko la kazi kila mwaka, hali nafasi za ajira rasmi zinazopatikana ni kama milioni 3 tu. Waliosalia wengi hurudia jembe au huchuuza mijini. Kwa hiyo suala la kijana haliwezi kuachiwa serikali peke yake. Linabisha hodi katika ofisi ya kila chama cha msingi.

Kilimanjaro yatoa mfano ulio wazi. Tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, vihamba vimegawanywa baba kwa mwana, hata vijana wengine wamebakiwa na sehemu isiyotosha migomba na mibuni pamoja. Wengine hawana hata hiyo, kwa kuwa baba yu hai na shamba ni lake. Binti mara nyingi hahesabiwi kabisa. Kijana huyo hupalilia, huchuma na kubeba kahawa mpaka chamani, lakini stakabadhi huandikwa jina la mzee. Hana hisa, hana kura, hana mkopo. Akiondoka kwenda Dar es Salaam, husemwa kwamba hapendi kilimo.

Usemi huo si wa haki. Mbuni huchukua miaka 3 au 4 kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, na asiye na mtaji hawezi kungoja muda huo.

Hapana budi chama kichukue hatua. Kwanza, katibu asome masharti ya chama aone kama yanadai shamba la mwanachama mwenyewe. Ikiwa ndivyo, mkutano mkuu ujadili kuyarekebisha kwa idhini ya Mrajis, ili apokewe pia kijana alimaye kwa ruhusa ya familia iliyoandikwa na kushuhudiwa. Pili, hisa zake zilipwe kwa mafungu kutokana na mazao. Tatu, vijana wapewe kwa mkataba kazi za vitalu vya miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, walipwe kwa kila mche uliostawi.

Wazee wapo wanaohofu kwamba kijana atauza shamba. Uanachama haumpi hati ya ardhi. Humpa kura na stakabadhi.

Vyama vikuu vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Chama kitakachokufa kwa kukosa warithi, hakuna sheria itakayokirudisha. Basi kabla ya mkutano mkuu ujao, kila katibu ahesabu katika daftari lake wanachama walio chini ya miaka 35, wake kwa waume, na hesabu hiyo isomwe mbele ya wote.