Tusome Neno Kila Siku

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kusoma Biblia kila siku. Hatukuja kama walimu. Tumekuja kueleza yale yaliyotupata sisi wenyewe.

Kikundi chetu hukutana kila Alhamisi. Kwa miaka mingi tulifungua mkutano kwa maombi na mistari michache, kisha Biblia inafungwa na daftari la hesabu linafunguliwa. Zile siku nyingine sita Biblia ilikaa kabatini. Kwani mtu hula Alhamisi peke yake?

Basi tukakubaliana kila mmoja asome nyumbani sura moja kwa siku, sote kitabu kile kile. Tulianza na Marko, yenye sura 16. Halafu tukachagua Nehemia, kwa sababu ni habari ya watu waliojenga ukuta kwa kushirikiana. Tulifikiri humo tutasifiwa!

Lakini sura ya 5 ilitushika. Maskini wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na wanaowadai ni ndugu zao wenyewe. Nehemia akakasirika. Hata hivyo hakukimbilia kusema. Kwanza alitafakari moyoni. Kisha akawakemea wakubwa, akakubali mbele ya watu kwamba yeye na watu wake pia walikuwa wakikopesha, akataka riba iachwe na mashamba yarudishwe.

Alhamisi ile tulikaa kimya. Kila mtu alijua mwenzake anawaza nini. Miezi michache nyuma, mama mmoja wa kikundi alishindwa kulipa mkopo, mumewe akiwa mgonjwa. Sisi tuliongeza faini kila wiki hadi faini ikapita deni. Mwishowe tukachukua mbuzi wake. Na siku hiyo tulikuwa tumefungua mkutano kwa maombi.

Mweka hazina ndiye aliyesema kwanza: "Mimi tangu juzi sijalala vizuri." Jamani, mbuzi alikuwa ameshauzwa! Ikabidi tuchange tununue mwingine. Faini tukaifuta. Deni lenyewe mama analipa kidogo kidogo.

Tumejifunza nini? Ukisoma mara moja moja, unachagua mistari unayoipenda, na mara nyingi unamchagulia jirani. Ukisoma kitabu kwa mfululizo, unafika hata pale usipotaka kufika. Hapo ndipo imani inapokuwa yako mwenyewe, si ya mhubiri.

Tunawashauri hivi. Chagueni wakati mmoja, asubuhi kabla ya kwenda shambani au jioni baada ya chakula. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto. Mtoto naye atafaidika. Msisome mengi. Mkimaliza, nyamazeni kidogo, kila mmoja ajiulize: Neno hili linasema nini? Linanigusa mimi wapi? Leo nitatengeneza nini? Swali la tatu likikosa jibu, kesho rudieni sura ile ile.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunalijua hilo kwa akiba yetu. Tulijue na kwa imani yetu.

Mungu awabariki.