Matone Mawili

Injili ya leo yatuonyesha watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakaitoboa dari wapate kumshusha mbele ya Yesu. Sisi twawabeba watoto wetu wangali wazima, ili wasipooze. Polio haina dawa ya kuiponya. Ina kinga tu, matone mawili mdomoni. Mwaka 2015 maaskofu wa Kenya walitaka chanjo hiyo ipimwe kwanza, wazazi wakajikuta njia panda. Kuuliza si dhambi. Hata mimi ningeuliza. Lakini kirusi hakingoji majibu yetu. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na polio ya asili. Februari 2022 ikatangazwa kuonekana Malawi. Ndugu katekista, mama mwenye mashaka usimkaripie. Fuatana naye hadi zahanati, mkaulize pamoja, mtoto akiwa mgongoni.