Kwa Nini Twaanza Wala Hatumalizi

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo hapana nyumba isiyolijua. Mtu hufanya azimio jema, hulitangaza mbele ya watu wake, hulianza kwa nguvu, kisha baada ya majuma machache huliacha njiani. Huyu ameazimia kujenga nyumba ya bati, na matofali yake yamenyeshewa mvua mara mbili kabla hayajachomwa. Yule amenunua daftari apate kusoma kila jioni, na daftari lina maandishi kurasa tatu tu. Mwingine alisema ya kuwa mwaka huu ataweka akiba ya fedha za pamba kwa ajili ya sare na vitabu vya mtoto, na hata ilipofika Desemba mkoba ulikuwa mtupu.

Watu wakimwona mtu wa namna hii, aghalabu neno lao ni moja: mvivu. Mzazi humwambia mwanawe neno hilo, mke humwambia mumewe, na lililo baya zaidi, mtu hujiambia mwenyewe. Sisi twaona ya kuwa neno hilo lina madhara makubwa. Mtoto aliyekwisha kuamini ya kuwa yeye ni mvivu hatafuti tena kilichomkwaza. Huona ya kuwa ndivyo alivyoumbwa, akatulia. Nasi twataka kuonyesha leo ya kuwa mara nyingi nia haikukosekana. Kilichokosekana ni njia ya kuivusha nia hiyo mpaka ifike kwenye tendo.

Hebu tutazame habari za majirani zetu. Katika nchi ya Busia, magharibi ya Kenya, wataalamu watatu wa elimu ya uchumi, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, waliwachunguza wakulima wa mahindi, nao wakatoa taarifa yao mwaka 2011. Wakulima wale walikuwa wameonyeshwa mbolea ya dukani, wakaona kwa macho yao faida yake. Walipoulizwa kama wataitumia msimu ujao, karibu wote waliitika, yapata 98 katika kila 100. Msimu ulipofika, waliotumia walikuwa yapata 37 katika kila 100. Je, wengine wote walikuwa wavivu, au waongo? Sivyo. Wakati wa mavuno walikuwa na fedha, lakini mbolea haikuhitajiwa bado. Wakati mbolea ilipohitajiwa, fedha zilikwisha kuondoka: hizi kwa sukari, hizi kwa mgonjwa, hizi kwa msiba wa jirani. Wahenga walikwisha kusema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Basi wataalamu wale walijaribu jambo dogo. Walimtuma mtu amwendee mkulima mara tu baada ya mavuno, amwuzie hati ya mbolea kwa bei ile ile ya kawaida, na mbolea yenyewe aletewe nyumbani bila malipo wakati wa kuitia. Waliotumia mbolea wakaongezeka. Hawakuhubiriwa upya juu ya faida za mbolea, wala hawakupewa fedha. Walisaidiwa kulifanya jambo siku ile ambayo nia na uwezo vilikuwa pamoja. Hilo ndilo funzo la kwanza: azimio litimizwe, au lifungwe kamba, siku ile uwezo ulipo. Mkulima wa Bunda auzaye pamba yake katikati ya mwaka na anunue sare ya mtoto siku ile ile ya malipo, kabla hajapita sokoni. Leo ni leo. Asemaye kesho ni mwongo.

Sababu ya pili ya kutokumaliza ni kwamba maazimio yetu mengi hayana saa wala mahali. Mwanafunzi husema, "Nitasoma kwa bidii." Maneno hayo ni mazuri, lakini hayana mlango wa kuingilia. Atasoma lini? Wapi? Kitabu gani? Jioni ifikapo, kuna ng'ombe wa kufunga, kuna maji ya kuteka, kuna wenzake wanaomwita uwanjani, na kila kimoja cha hivyo kina saa yake, isipokuwa kusoma tu. Bwana Peter Gollwitzer, mtaalamu wa elimu ya nafsi kutoka Ujerumani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 1997, wanafunzi waliombwa kuandika taarifa katika siku za sikukuu ya Noeli. Wale walioandika mapema ni saa gani na mahali gani watakapoifanya kazi hiyo, waliitimiza kwa hesabu iliyozidi mara mbili ya wale waliokuwa na nia tu.

Basi mwanafunzi wa Butiama asiseme, "Nitasoma kwa bidii." Na aseme hivi: "Nikiisha kufunga ng'ombe na kunawa mikono, nitakaa kwenye kigoda kilicho kando ya taa, nami nitafanya hesabu tano." Hapo kamba ya ng'ombe yenyewe humkumbusha kitabu. Hana haja ya kujihoji kila jioni kama leo asome au asisome, na katika kujihoji huko ndiko wengi hushindwa.

Sababu ya tatu ni kukosea hesabu ya muda. Mwaka 1994 Bwana Roger Buehler na wenzake huko Kanada walitangaza jinsi walivyowauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikisia siku 34. Nao walizimaliza kwa zaidi ya siku 55. Nao hawakuwa watoto, ila watu wasomi waijuao kazi yao. Mtu akisia muda wa kazi, hutazama siku njema tu: jua linawaka, mafundi wamekuja wote, kuni za kuchomea matofali zimepatikana. Hatazami siku ya homa, wala siku ya mazishi, wala siku ya mvua isiyotazamiwa. Kisha muda aliojiwekea ukipita, huona aibu, naye huikimbia kazi kwa sababu ya aibu hiyo. Dawa yake ni kuuliza swali jingine. Usijiulize, "Nadhani nitamaliza lini?" Waulize waliokwisha kujenga nyumba kama hiyo, "Ninyi ilikuchukueni muda gani?" Kisha lichukue jibu lao, hata kama halikufurahishi.

Sababu ya nne ni kudhani ya kuwa siku moja iliyopotea imeharibu yote. Bibi Phillippa Lally na wenzake, huko London, waliwafuata watu 96, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Taarifa yao ilitokea mwaka 2010. Walikadiria ya kuwa kwa mtu wa kawaida jambo huwa mazoea kwa muda wa siku 66 hivi. Lakini kulikuwa na wa siku 18, na wa siku 254. Waliona pia ya kuwa kukosa siku moja hakukuvunja mazoea yaliyokuwa yakijengeka.

Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu. Wao huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawakusanyiki kwenye taa kama ipasavyo, basi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, na giza lirudipo hurudi ziwani. Hakuna asemaye ya kuwa wameacha uvuvi. Vivyo hivyo mtu aliyeugua juma zima akaacha kusoma, na ajihesabu kuwa amekuwa katika mbalamwezi. Na ashone nyavu zake, arudi.

Sababu ya tano ni upweke. Azimio la mtu mmoja, lililofichwa moyoni, hufa bila ya msiba. Mwaka 1973 kulikuwa na mafundisho ya redio katika Tanzania yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi. Kwa muda wa majuma 12 kila kikundi kilikutana, kikasikiliza redio, kikasoma kijitabu, kikazungumza. Kisha watu walikwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Faida za choo watu wengi walikuwa wamekwisha kuzisikia kabla ya hapo. Lakini safari hii kulikuwa na siku maalum ya kukutana, kulikuwa na jirani wa kuuliza, "Wewe umefika wapi?", na kulikuwa na kazi iliyoonekana kwa macho. Upatu wa akina mama sokoni wafuata kanuni hiyo hiyo: mtu asiyeweza kuweka shilingi chini ya godoro lake huweza kuitoa kila juma, kwa kuwa wenziwe wanamngojea.

Tumtazame na mtu wa Butiama ajulikanaye na wote. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliingia shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, umri wake ukiwa yapata miaka 12. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, mwaka 1943 Makerere, na mwaka 1952 akapata shahada yake huko Edinburgh. Akili na bidii alikuwa nazo. Lakini kila mahali alipopita palikuwa na kengele, na meza, na mwalimu, na wenzake waliokuwa wakisoma. Bila shaka katika vijiji vya nyakati zile walikuwako watoto wengine wenye akili waliobaki machungani, si kwa kukosa nia, bali kwa kuwa hapakuwa na kengele ya kuwaita. Kwa hiyo mzazi atakaye mwanawe asome na ampe nafasi, na taa, na saa isiyovunjwa kwa kutumwa dukani. Hivyo vina nguvu kuliko maonyo.

Hata hivyo twapenda kusema neno la kupima mambo. Mjini Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia ya kuwa elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, ijapokuwa mpango wa kwanza ulitazamia mwaka 1989. Tarehe ile iliamsha nchi nzima, na watoto wengi sana wakaingia shule. Walimu wapya wakafunzwa huku wakifundisha vijijini. Lakini madarasa yalijaa kuliko madawati, na vitabu havikutosha. Tarehe huamsha watu, haizai madawati. Ndivyo ilivyo kwa mtu mmoja pia: akiweka siku, na ahesabu pia vitu vitakavyohitajiwa siku hiyo. Tena yako maazimio yanayovunjwa na ukame, au ugonjwa, au umaskini. Hayo mtu asijilaumu kwayo. Na yako mengine ambayo ni busara kuyaacha, kwa kuwa mshika mbili moja humponyoka. Kuacha kwa kuchagua si sawa na kuacha kwa kusahau.

Basi, ndugu wasikilizaji, jioni hii kila mmoja wetu na achague azimio moja tu, lile linalomwuma zaidi. Aliandike, au amwambie mtu wa kumwandikia. Chini yake ajibu maswali manne: Nitaanza saa ngapi, baada ya kazi gani? Ni nini kitakachonizuia, na kikija nitafanya nini? Waliokwisha kufanya jambo hili walichukua muda gani? Ni nani atakayeniuliza nimefika wapi? Asiyeweza kujibu maswali haya bado hana azimio, ana tamaa njema tu.

Na ninyi wazazi na walimu, mkimkuta mtoto ameacha njiani, msianze na lile neno "mvivu". Mwulizeni, "Ulikwama wapi?" Swali hilo lina jibu, na jibu hilo laweza kutengenezwa.

Kwaherini.