Mashine Imepita, Je, Turudi?

Maneno ya afisa wetu wa mashinani kwa familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa, Kolwezi



Leo sikuleta unga wala mahema. Najua wengine mmekuja mkitumaini hivyo, mnisamehe. Nimekuja kujibu swali la mzee mmoja kutoka upande wa Manono. Aliniambia: "Mwanangu, hapa Kolwezi tunaona mabuldoza yakihamisha kilima kizima. Kwa nini wasipeleke moja tu kule kwetu likanyage mabomu yote, sisi turudi?"

Swali ni zuri. Vita vya 1998 hadi 2003 viliacha Katanga ya kaskazini na mabomu ya kutegwa ardhini na mengine yaliyorushwa yasilipuke. Na wazo la mzee, wengine walishalifikiri zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Cuthbertson, katika mji wa Biggar huko Scotland, ilichukua Land Rover ikaondoa magurudumu na kuweka mikanda minne, kama ile ya buldoza. Gari lilikusudiwa kwa nchi ya matope. Baadaye jeshi la Uingereza lililitumia katika kazi ya mabomu. Siri yake mnaijua: ukitaka kuvuka tope unalaza ubao, mguu hauzami, kwa sababu uzito umetandazwa. Mkanda ni ubao unaojitandika wenyewe mbele ya gari.

Jirani zetu wa Zimbabwe, wakati nchi ingali ikiitwa Rhodesia, katika miaka ya 1970 walitumia njia nyingine kwa shabaha ileile. Walitengeneza kigari chepesi chenye mashine ya Volkswagen na matairi mapana ya magari ya mashindano. Kiliitwa Pookie, yaani komba. Kilipita juu ya mabomu ya kutegea magari bila kuyalipua, huku kikitafuta chuma kilichofichwa barabarani.

Lakini tusikilizane vizuri hapa. Bomu la kutegea gari kwa kawaida hungoja uzito mkubwa, mara nyingi kilo 100 na zaidi. Bomu la kutegea mtu hungoja kilo chache tu. Mtoto wa miaka mitano anatosha. Kwa hilo, mkanda mpana si kinga. Na buldoza la mgodini, lenye uzito wa tani nyingi, ndilo hasa bomu la kutegea vifaru linalolingoja. Dereva asiye na kinga ya chuma atakufa, na shamba litabaki na mabomu yaliyosukumwa kando ndani ya udongo.

Mashine za kweli za kazi hii zipo. Zina mikanda na ngao nene, na mbele zina minyororo inayopiga ardhi kama mtu anayepura maharagwe. Nyingine huendeshwa kutoka mbali. Hata hizo hupasua bomu moja na kuruka jingine, kwa hiyo nyuma yake hupita watu wenye vifaa vya kutambua chuma, hatua kwa hatua. Udongo wetu mwekundu nao una madini ya chuma. Vifaa vinalia hata pasipo na kitu. Ndiyo maana kazi ni ya polepole, si kwamba watu wanakula mishahara tu.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka mmoja niliziambia familia kwamba mashine itafika kabla ya kupanda. Niliambiwa hivyo, nami sikuuliza zaidi. Daraja la njiani halikuweza kubeba mashine ile pamoja na lori lake. Familia zilingoja, mvua ikapita, msimu ukapotea. Baba mmoja hakunisalimia tena, na sikumlaumu.

Ninawaeleza haya kwa sababu nasikia hapa mtaani wenyeji wanaanza kuwaambia wageni wao: "Mashine imepita kwenu, mnangoja nini?" Wenyeji wamechoka, naelewa, mashamba ni madogo na visima ni vichache. Lakini machifu, nawaomba, msimhimize mtu kuondoka kwa sababu ya habari ya mashine. Nchi yetu iliingia Mkataba wa Ottawa mwaka 2002, na leo kazi hii inasimamiwa na kituo cha taifa, CCLAM. Kazi ikimalizika kweli, eneo hukabidhiwa kwa maandishi mbele ya viongozi wa pale. Ulizeni karatasi hiyo. Ulizeni inataja shamba gani, njia gani, kisima kipi. Barabara kusafishwa si sawa na shamba kusafishwa. Na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu yakiwa bado yapo, msivuke.

Vijana mnaouza vyuma vikuukuu, nanyi nawaomba: ganda la bomu lisiingie kwenye mizani.

Kila familia ituambie leo jina la kijiji chake na shamba inalotaka kurudia. Tutaandika, tutauliza kwa wahusika, na jibu tutalisoma hapahapa mbele ya wote, hata kama jibu ni "bado".